Kitabu Hakikula Mbuzi

Kasian hakuwa mjomba wangu. Alikuwa mjomba wa Urbanus, mchumba wangu, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa mgawanyo huo. Alikuwa mtu wa kukaa benchi la mbele kanisani na kuitikia sala kwa sauti kubwa kuliko kwaya, ili Mwenyezi Mungu asije akadhani hayupo.

Jumapili ya pili ya tangazo la ndoa yetu, mwezi wa Agosti mwaka 1972, Padri alisoma majina katika kigango chetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mikumi. Urbanus, mwalimu wa shule ya msingi, na Odilia binti wa Ida. Akauliza kama kuna anayejua kizuizi chochote. Kwa kawaida swali hilo hujibiwa na kikohozi cha mzee mmoja na kilio cha mtoto. Siku hiyo Kasian alisimama.

Alisema kwamba Ijumaa iliyopita ndiyo kwanza alisikia majina ya bibi zetu wa upande wa mama, akashtuka. Sisi Walugoma wa bondeni, ukoo wangu, na wao wa milimani, ukoo wa Urbanus, tulikuwa nyumba moja iliyogawanyika zamani, kabla ya Wajerumani. Kwa hiyo Urbanus na Odilia ni kaka na dada. Alisema hivyo bila kunitazama, kisha akaketi na kupanga mikunjo ya koti lake.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anapendwa, anaheshimiwa, anaogopwa hata, lakini ukoo haupiti kwake. Watu wawili wa ukoo mmoja wakioana, huo ni mwiko ambao hata walevi hawautanii. Mvua ikikatika, wao. Mtoto wa jirani akifa, wao. Nilihisi macho ya kanisa zima mgongoni, na nilipomgeukia Urbanus nilimkuta anasoma kitabu cha nyimbo kwa bidii ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea humo. Huyu ndiye aliyekuwa akiniambia jioni zote kwamba Azimio la Arusha limeshazika mambo ya koo. Nilitamani kumfinya.

Padri alisema sheria ya Kanisa haina neno kwa udugu wa mbali namna hiyo, lakini yeye hatafungisha ndoa ambayo mjomba wa upande wowote ameipa kisogo. Alitupa mpaka Jumapili ya tatu. Jambo likithibitishwa kuwa si kweli, angesoma tangazo la mwisho. La sivyo, angelifuta.

Siku saba, basi.

Mama alitangulia mbele kwenda nyumbani kwa hatua za haraka. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na miwili, mjane tangu mwaka wa Uhuru, mwanamke mwembamba mwenye viganja vipana ambavyo mkonge wa Rudewa uliviharibu alipokuwa kigoli. Tulipohamia kijiji cha ujamaa alipewa nyumba ya mwisho upande wa mbuga, ambako tembo huanza kula kabla hawajafika kwa wengine. Hakulalamika. Alijiandikisha darasa la kisomo, akakaa mbele, na baada ya mwaka mmoja akawa anasoma kila kitu kilichoandikwa: karatasi za sabuni, magunia ya mbolea, kibao cha stesheni. Ilikuwa aibu kutembea naye mjini. Alisimama mbele ya kila duka akisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na hakuondoka mpaka amalize.

Lakini kisomo hakikuwa fahari yake kubwa. Fahari yake ilikuwa ukoo. Mama alitoka katika nyumba kubwa ya Walugoma, na kaka yake, mjomba Donati, ndiye aliyekalia kigoda cha nyumba hiyo. Siku ya tambiko Mama ndiye aliyemwaga unga wa kwanza makaburini. Wanawake wenye mvi walimpigia magoti na kumwambia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kuona haya. Ukimvua hilo, Mama alibaki na jembe na kandili.

Jumatatu asubuhi alinichukua tukaenda kwa bibi Regina, mzee kuliko wote katika ukoo. Mama alimwamkia, akamweleza aliyoyasema Kasian, akamwomba ataje jina la bibi mzaa mama wa Generoza. Generoza alikuwa bibi yake Mama, mzaa mama yake. Mama alitumaini kwamba tukipanda juu zaidi yake tutapata mahali ambapo nyumba yetu na ile ya milimani hazikutani.

Bibi Regina aliacha kupepeta. Aliuweka ungo chini.

"Nilikuwa mtoto mdogo," alisema. "Generoza alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama yenu, alichinjwa mbuzi. Nami nilipewa nyama, nikala."

Mama alikunja uso. Nami sikuelewa, mpaka Mama aliponieleza baadaye njiani. Zamani, kama kuna neno ukoo umeamua lisitajwe tena, walichinja mbuzi, kila mmoja akala, hata mtoto. Aliyekula hasemi mpaka kufa. Kwa hiyo bibi Regina alikuwa anatuambia kwamba lipo neno, linamhusu Generoza, na yeye kinywa chake kimefungwa.

"Basi nani hakula?" Mama aliuliza.

"Waliokula wote wamekufa, nimebaki mimi. Generoza alibatizwa misheni ya zamani kule ng'ambo ya Rudewa, mwaka mmoja au miwili kabla ya mbuzi huyo. Padri wa wakati ule alikuwa anaandika kila kitu." Akachukua ungo wake. "Kitabu hakikula mbuzi, mjukuu wangu. Ila ukikifungua usije kwangu kulia."

Mtu mwingine angeogopa hapo. Mama alikwenda moja kwa moja kwa katibu wa kijiji kuomba ruhusa ya kusafiri. Katibu alimkumbusha kwamba Jumanne na Jumatano ni zamu yake katika shamba la kijiji, na kwamba mambo ya koo yanarudisha nyuma maendeleo. Mama alikubali kila neno, akaahidi kulima zamu mbili wiki inayofuata, kisha akaketi mlangoni mwa ofisi. Saa tisa katibu alichoka kumruka kila anapotoka, akaandika barua.

Jumanne tulipanda treni ya tawi la Kidatu mpaka Kilosa, tukalala kwa mwanamke mmoja aliyewahi kufanya kazi na Mama kwenye mkonge. Kesho yake lori lilitufikisha Rudewa, na kutoka hapo tulikwenda kwa miguu. Tulifika misheni jioni, miguu imevimba. Katekista Petro, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitupokea kwa "Tumsifu Yesu Kristo" na habari mbaya: Padri wa pale yuko ziara ya vigango, atarudi Alhamisi mchana, na bila ruhusa yake kabati la vitabu halifunguliwi. Funguo zilikuwa kiunoni mwake Petro. Niliziangalia kwa hasira, kwa sababu Alhamisi mchana maana yake siku nne zimekwisha na sisi bado hatujashika hata karatasi moja.

Alhamisi Padri alirudi, akaruhusu, akaenda kulala. Petro alitandika kitambaa mezani na kuweka vitabu vitano vya ubatizo vilivyonuka mavi ya popo. Akauliza tunamtafuta nani.

Hapo tulifanya kosa ambalo mtu wa pwani au wa Uchagani, ambako mtoto ni wa baba, asingelifanya. Mama alisema tunamtafuta Generoza wa akina Semeni. Semeni ndiye mwanamke ambaye ukoo wote ulijua kuwa ni mama yake Generoza, na kwetu mtu hutafutwa kwa mama yake. Petro alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, nami nikafuata na Mama akafuata, akitamka majina chini chini. Mpaka jua likazama hatukuona Semeni hata mmoja. Mama akaanza kusema labda bibi Regina amechanganyikiwa. Nilisema kwa ukali kwamba labda sote tumechanganyikiwa, na nikatoka nje. Najuta kwa sauti ile niliyoitumia, maana alikuwa amekaa kitini tangu mchana kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

Ijumaa asubuhi Petro alitukuta mlangoni. Alisema amefikiri usiku. Mapadri wa kwanza walipanga watu kwa majina ya baba zao, kama ilivyo desturi ya kwao Ulaya. Baba wa Generoza aliitwa nani? Mama na mimi tulitazamana. Hatukujua. Hakuna aliyewahi kuuliza.

"Basi huenda hata padri hakuambiwa. Tutafute wale ambao nafasi ya baba iko wazi," Petro akasema.

Walikuwa kumi na saba. Wa kumi na mmoja alikuwa Generoza.

Ukurasa uliandikwa kwa Kilatini, lakini pembeni Padri yule wa kale alikuwa ameongeza maneno kwa Kiswahili cha zamani, wino umekuwa rangi ya chai. Petro alinyoosha mkono kutaka kutusomea. Mama alisogeza kitabu kwake.

Alisoma kama alivyosoma vibao vya maduka, silabi kwa silabi, na kidole. "Ge-ne-ro-za. Mwaka 1909. Umri kama miaka kumi na sita. Baba hajulikani. Mama hajulikani." Alisogeza kidole, akaendelea. "Mwenyewe asema: nalinunuliwa mwaka wa njaa kuu kwa vikapu viwili vya mtama. Kwetu ni mbali, kuna mto mpana. Mama aliniambia niende na watu hawa nitakula."

Petro alivua miwani. Kisha Mama, kwa sauti ile ile ya darasani, akaomba kitabu cha ndoa, na kitabu cha maziko. Tulimfuata Generoza mstari kwa mstari. Aliolewa mwaka 1910 na mpagazi wa misheni. Alibatizisha watoto wanne, wawili wakafa kabla ya kipaimara. Alizikwa mwaka 1931, mwaka mmoja baada ya Mama kuzaliwa, na hapo tayari katika safu ya mama ameandikwa Semeni, kama vile hakuna kilichowahi kuandikwa kabla.

Mambo yakawa wazi. Nyumba kubwa ya Walugoma ilikuwa imekosa binti. Semeni hakuzaa msichana, na nyumba isiyo na msichana inakufa. Wakanunua mtoto mwaka wa njaa, wakamlea, na alipojifungua msichana wakachinja mbuzi ili asiwepo wa kusema. Ukoo wote, na kigoda cha mjomba Donati, na unga wa makaburini, vilisimama juu ya mtoto wa vikapu viwili.

Nitasema ukweli, ingawa hauniletei sifa. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Kama Generoza hakuwa Mlugoma, Mama si Mlugoma, nami si Mlugoma, na Urbanus si kaka yangu. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu nilipouona uso wa Mama. Alikuwa amezeeka pale pale mezani. Hapo ndipo nilipoelewa bei ya harusi yangu.

Alichukua daftari lake la kisomo, akanakili maneno yale kwa mkono wake, na Petro akatia sahihi na muhuri wa misheni.

Njia nzima ya kurudi hakuniambia atafanya nini, nami sikuthubutu kumuuliza. Tulifika Jumamosi alasiri, akapitiliza kwa mjomba Donati. Mjomba alisoma daftari mara mbili. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kucheka kwa tumbo, aliyenibeba mabegani nilipokuwa mdogo. Alilifunga daftari, akaenda kufunga mlango.

"Nani mwingine ameliona?"

"Katekista tu," Mama akajibu.

"Lichome, Ida."

Mama alilikumbatia daftari kifuani. Mjomba akanigeukia, akaniomba radhi kabla ya kusema, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kisha akamgeukia Mama tena.

"Odilia atapata mume mwingine. Vijana ni wengi. Sisi hatutapata ukoo mwingine. Wakijua, watatuambia tutoke katika makaburi. Watoto wangu wa kiume hawadhuriki, wao ni wa mama yao. Ni wewe, na mimi, na huyu binti, na watakaotoka tumboni mwake. Umefikiria?"

"Nimefikiria, kaka. Tangu jana sijafikiria kingine."

"Na?"

"Yule mtoto alimwambia padri ukweli wake. Alikuwa na miaka kumi na sita, hana mtu, akasema. Mimi nina kaka na mtoto, na ninaogopa."

Mjomba akasema kwamba Mama akilisoma lile daftari kanisani, yeye hatakanyaga kwenye harusi. Alisema polepole, kama mtu anayeomba asilazimishwe kutimiza neno lake. Tukaondoka. Usiku huo nilimwambia Mama kwamba mimi simtaki tena Urbanus, achome tu. Nilikuwa nasema uongo na alijua. Aliniambia nilale.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Habari ya aibu haihitaji tangazo, na watu walikuja hata kutoka vijiji ambavyo havina Mkatoliki. Kasian alikuwa benchi lake la mbele. Mjomba Donati alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Padri alipofika kwenye tangazo alifunga kitabu na kuuliza kama upande wa binti una la kusema.

Mama alisimama na daftari. Alipokuwa akitafuta ukurasa, nilisikia mtu akicheka kidogo nyuma yangu. Kisha akasoma. Silabi kwa silabi, na kidole, mbele ya wanawake waliompigia magoti maisha yake yote. Alipofika kwenye vikapu viwili vya mtama kanisa likapumua kwa pamoja. Hakuinua kichwa. Alimaliza mpaka jina la katekista na tarehe ya muhuri.

"Mimi si Mlugoma," akasema. "Binti yangu si Mlugoma. Kizuizi hakipo."

Akaketi. Mwanamke aliyekuwa kulia kwake alijisogeza kidogo kwenye benchi, si sana, kiasi cha kiganja. Bibi Regina alikuwa analia bila kujifuta. Kasian aligeuka nyuma, na nikamsikia akimwambia jirani yake, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Kumbe ni wa kununuliwa." Padri akalisoma tangazo la tatu kwa haraka, kama mtu anayefunika chungu kinachofurika.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kisimani wanawake walinyamaza Mama alipofika, na mzee mmoja wa jirani ambaye siku zote alimwambia shikamoo alimuuliza tu habari za kazi. Mama akajibu kwamba ni njema. Jumatano Walugoma walikutana bila kumwita mjomba Donati na wakampa kigoda mtu mwingine. Urbanus, nimpe haki yake, alikuja kila jioni na kukaa mlangoni petu akionekana na kila apitaye. Alisema hajali. Nilimwambia si yeye aliyepoteza kitu, na alikubali.

Jumamosi ya harusi, kabla ya kwenda kanisani, wazee wa upande wa bwana harusi walikuja kunichukua nyumbani kama inavyopasa. Mkeka ulitandikwa. Desturi ni kwamba wageni hawasemi na mama wa binti wala na baba. Wanasema na mjomba, naye ndiye anayemtoa. Kwenye mkeka upande wetu hapakuwa na mtu.

Kasian alisimama uani na wazee watatu, akatazama mkeka, akatazama jua. Mama alikuwa mlangoni, amefunga kitambaa kipya, na hakuwa na ruhusa ya kuufikia mkeka ule. Nilikuwa ndani nikichungulia dirishani.

"Tumekuja," Kasian akasema, akiwa na heshima zote usoni na sumu yote ndani. "Lakini tutazungumza na nani? Mtu wa kununuliwa hana mjomba."

Wazee wenzake waliangalia chini. Niliona vidole vya Mama vikishika mwimo wa mlango.

Mjomba Donati alitokea nyuma ya nyumba, kutoka njia ya shambani. Hakuwa amevaa nguo za harusi. Magoti yalikuwa na udongo, shati limelowa jasho, na alikuwa anahema, maana shamba lake liko mbali na nadhani alikuwa ameanza kulima kabla ya kubadili mawazo.

"Utazungumza na mimi," akasema. "Mimi ni kaka yake Ida. Kama yeye alinunuliwa, basi na mimi nilinunuliwa, maana tumbo lilikuwa moja."

Kasian alinyoosha mkono kumsalimu. Mjomba aliuacha mkono ule hewani. Alivua ndala, akaketi upande mmoja wa mkeka, akamwita Mama aketi kulia kwake, mahali ambapo mwanamke haketi siku kama hiyo. Mama alisita, kisha akaja. Mjomba alingoja mpaka alipotulia na kukunja kitenge chake, ndipo akawageukia wageni.

"Haya," akasema. "Semeni mlichokuja kusema."